Vipindi vya Mtindo wa Maisha kwenye Televisheni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hujirudia kila panapozungumzwa vipindi vya upishi, bustani, upambaji wa nyumba, mavazi, mazoezi na usafi wa nyumbani, yaani vipindi ambavyo katika muda wa kizazi kimoja vimetoka kwenye saa tulivu za mchana na kukalia saa za jioni zenye watazamaji wengi kuliko zote. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi, na mengine yamerefushwa pale ambapo maelezo ya haraka yangempotosha msomaji.

Kipindi cha mtindo wa maisha ni kipindi cha namna gani?

Ni kipindi kinachochukua shughuli ya kila siku ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifanya mwenyewe, kama kupika, kupanda maua, kupaka chumba rangi, kuchagua nguo au kupanga kabati, kisha kikaionyesha kwa namna inayomfanya mtazamaji aamini kwamba naye anaweza kuishi vizuri zaidi ya anavyoishi sasa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayokitofautisha na kipindi cha mafunzo. Kipindi cha mafunzo hueleza kazi inavyofanywa na kuishia hapo, ilhali kipindi cha mtindo wa maisha hueleza pia mtu anayeifanya kazi hiyo atakuwa mtu wa aina gani, atakaa katika nyumba ya namna gani na wageni wake watamtazamaje.

Je, hivyo si sawa tu na vipindi vya uhalisia?

Ni ndugu, lakini si pacha. Vipindi vya uhalisia huwategemea watu wasio waigizaji wanaowekwa katika hali fulani ili mwenendo wao uonekane. Kipindi cha mtindo wa maisha kinaweza kufuata njia hiyo, kama shindano la upishi linavyofanya, lakini kinaweza pia kuwa na mpishi mmoja tu, meza moja na kamera moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 aina hizi mbili zimeingiliana kiasi kwamba ratiba nyingi za televisheni hazizitenganishi tena.

Vilianza lini?

Vilianza pamoja na televisheni yenyewe. BBC ilianzisha matangazo yake ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, na mwezi huohuo C. H. Middleton, ambaye wasikilizaji wa redio walikwisha kumzoea kwa mazungumzo yake ya bustani, akaanza kuonekana akilima kipande cha ardhi katika uwanja wa jengo hilo. Mwezi Januari 1937 Marcel Boulestin, Mfaransa aliyekuwa na mkahawa mjini London, alisimama mbele ya kamera na kupika kimanda. Watazamaji walikuwa wachache mno, kwa kuwa vyombo vyenyewe vilikuwa ghali na mawimbi hayakufika mbali, lakini aina ya kipindi ilikwisha kuzaliwa.

Vita vilipokwisha, kazi ikaendelea pande zote mbili za Atlantiki. Nchini Marekani, James Beard alianza kupika kwenye NBC mwaka 1946 kwa udhamini wa kampuni ya maziwa ya Borden, jambo ambalo inafaa likumbukwe tutakapofika kwenye swali la nani analipa. Mwaka 1951 Jack LaLanne alianza San Francisco kipindi cha mazoezi kilichomhitaji mtazamaji awe na kiti cha kawaida tu cha nyumbani, na kipindi hicho kiliendelea hadi mwaka 1985. Uingereza ilimpata Barry Bucknell, fundi aliyewafundisha watu kutengeneza nyumba zao wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1950, na Percy Thrower kwa upande wa bustani.

Kisha akaja Julia Child. Kipindi chake cha upishi kilianza mwaka 1963 katika kituo cha WGBH cha Boston, ambacho hakikuwa cha kibiashara, na kilirekodiwa mfululizo karibu bila kukatwa, kwa kuwa kuhariri kanda za wakati ule kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Kutokana na hilo watazamaji waliona mambo ambayo leo yangeondolewa. Siku moja alijaribu kugeuza chapati nene ya viazi kwa kuirusha hewani, nusu yake ikaangukia juu ya jiko. Aliiokota, akairudisha kwenye kikaango, na akawaambia watazamaji kwamba mtu akiwa peke yake jikoni hakuna atakayemwona. Kwa maoni yangu, sekunde zile chache zilifundisha zaidi ya mapishi mengi yasiyo na dosari, kwa sababu mtu aliyekuwa akiogopa jiko aliona kwamba mwalimu naye hukosea na chakula bado huliwa.

Kama ni vya zamani hivyo, kwa nini husemwa kwamba viliibuka katika miaka ya 1990?

Kwa sababu kabla ya hapo vilikuwa vichache, vyenye watazamaji wake maalumu na visivyotarajiwa kushindana na tamthilia. Kilichotokea katika miaka ya 1990 kilikuwa mkusanyiko wa sababu kadhaa, na mtu anayetaja moja tu kati ya hizo husimulia nusu ya habari.

Ya kwanza ni gharama. Tamthilia inahitaji waandishi, waigizaji, mavazi, mandhari na siku nyingi za kupiga picha kwa kila saa moja inayotangazwa. Kipindi cha kukarabati chumba kinatumia chumba cha mtu aliyejitolea, majirani zake wakiwa ndio wahusika, na hadithi yake huandikwa katika chumba cha kuhariri. Nchini Marekani faida hiyo ilizidi kuonekana kila waandishi wa miswada walipogoma, kama walivyofanya mwaka 1988 na tena kwa siku 100 kati ya Novemba 2007 na Februari 2008, kwa sababu vipindi visivyo na mswada viliendelea kutengenezwa wakati tamthilia zimesimama.

Ya pili ni wingi wa chaneli. Kebo na satelaiti zilifungua nafasi ambazo zilipaswa kujazwa usiku na mchana, na njia rahisi ya kuzijaza ilikuwa kuwa na chaneli nzima ya jambo moja. Food Network ilianza Novemba 1993 na HGTV, chaneli ya nyumba na bustani, ikafuata Desemba 1994. Historia ya TLC inaonyesha mabadiliko hayo vizuri kuliko yote: mizizi yake ni mradi wa elimu kwa njia ya satelaiti ulioanzishwa mwaka 1972 kwa msaada wa NASA na wizara ya afya na elimu ya Marekani, herufi za jina lake zikisimamia The Learning Channel, yaani chaneli ya kujifunza, na baada ya kununuliwa na Discovery mwaka 1991 iligeuka hatua kwa hatua kuwa chaneli ya nyumba, familia na mavazi.

Ya tatu ni sheria. Nchini Uingereza, Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1990 iliwalazimu watangazaji wakuu kununua angalau asilimia 25 ya vipindi vyao kutoka kwa watayarishaji wa kujitegemea. Kampuni ndogo zilizozaliwa kutokana na sharti hilo hazikuwa na mtaji wa kutengeneza tamthilia kubwa, lakini zilikuwa na mawazo. Peter Bazalgette na kampuni yake walitoa shindano la upishi la Ready Steady Cook mwaka 1994, Changing Rooms, cha kupamba upya vyumba, mwaka 1996 na Ground Force, cha kutengeneza upya bustani, mwaka 1997, vyote vikiwa vipindi vya bei nafuu ambavyo viliwavuta watazamaji kwa mamilioni.

Ya nne ni hali ya watu wenyewe. Waingereza wengi waliokuwa wapangaji katika nyumba za halmashauri walipata haki ya kuzinunua kwa sheria ya mwaka 1980, na mwenye nyumba yake huutazama ukuta kwa jicho tofauti na mpangaji, hasa bei za nyumba zinapopanda kiasi kwamba kila tofali huonekana kuwa akiba. Vipindi vya ukarabati vilikuja vikamkuta mtu huyo sebuleni kwake, tayari ameshaanza kujiuliza abomoe ukuta upi.

Ni nini hasa kilichobadilika ndani ya vipindi vyenyewe?

Mwaka 2003 mtafiti Charlotte Brunsdon, akichunguza vipindi vilivyokuwa vikirushwa nchini Uingereza kati ya saa mbili na saa tatu usiku, alieleza jambo ambalo mtazamaji yeyote anaweza kulihakikisha kwa macho yake: picha ya karibu ilikuwa imehama. Katika vipindi vya zamani vya ufundi na bustani, kamera ilisogea karibu pale mkono ulipokuwa ukifanya kazi, ili mtazamaji aone namna ya kushika kisu, kina cha shimo la mbegu au upande ambao brashi inaelekezwa. Katika vipindi vipya, kamera husogea karibu na uso wa mtu anayefumbuliwa macho na kuonyeshwa kazi iliyokwisha kukamilika.

Ukiwa na dakika 20 za kutazama kwa makini, chukua kipindi chochote cha kubadilisha nyumba na uhesabu. Mkono unaopiga lipu huonekana kwa sekunde mbili au tatu, mara nyingi ukiharakishwa na muziki. Kisha mwenye nyumba huletwa akiwa amefumba macho, kamera mbili zikiwa zimeshalenga uso wake, naye huambiwa afumbue. Kwa nusu sekunde hatuoni chumba, tunamwona yeye tu: kinywa kinafunguka, mkono unapanda kufunika midomo, machozi yanalenga. Ndipo kamera inageuka, nasi tunaruhusiwa kuona kilichomliza. Mtazamaji anahesabu kwamba ameona ukarabati, kumbe ameona hisia zilizosababishwa na ukarabati.

Changing Rooms ndicho kipindi kilichoifanya mbinu hiyo kuwa kanuni. Majirani wawili walibadilishana funguo, kila upande ukapewa siku mbili, bajeti ya pauni 500 na msaada wa mbunifu, kisha kila mmoja akaonyeshwa alichotendewa. Kwa kuwa mwenye chumba hakushirikishwa, uso wake haukuwa na nafasi ya kujiandaa, na watazamaji walisubiri chuki kwa hamu ileile waliyoisubiria furaha. Katika tukio linalokumbukwa kuliko yote, rafu zilizoning'inizwa zilianguka na kuvunja mkusanyo wa mabirika ya kale ya chai ambayo mwenyewe aliyapenda mno. Kama ni kipindi cha ufundi, hilo lilikuwa somo muhimu kuhusu uzito, misumari na kuta. Kilichobaki katika kumbukumbu za watu ni maumivu ya yule mama.

Siamini kwamba uso hauna thamani. Televisheni haina harufu wala ladha, na mtazamaji hawezi kugusa kitambaa, kwa hiyo uso wa anayeonja ndio ulimi wetu. Ninachosikitikia ni kwamba uso ulipopewa nafasi, mikono ilinyang'anywa, ingawa muda wa kipindi unatosha kuonyesha vyote viwili.

Kwa nini kipindi kilekile huonekana katika nchi nyingi kikiwa na watu tofauti?

Kwa sababu kinachouzwa ni muundo. Mnunuzi hupewa kitabu cha maelekezo kinachoeleza mpangilio wa kila kipengele, saa, taa, muziki, idadi ya majaji na hata mahali pa kusimama, na mara nyingi huletewa mshauri aliyekwisha kukitengeneza kwingine, kisha hutafuta washiriki wa nchi yake wanaozungumza lugha ya watazamaji wake. Nchini Uingereza biashara hii ilipata nguvu zaidi baada ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003, ambayo ilifungua njia kwa watayarishaji wa kujitegemea kubaki na haki za vipindi vyao badala ya kuziacha kwa kituo kilichowapa kazi.

MasterChef ni mfano mzuri. Ilianza BBC mwaka 1990 ikiwa shindano la utulivu la wapishi wa nyumbani, ikarudi mwaka 2005 ikiwa na mwendo wa kasi, na leo imetengenezwa kwa sura tofauti katika nchi zaidi ya 60. Toleo la Australia lililoanza mwaka 2009 lilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 2010, mdahalo wa uchaguzi kati ya Waziri Mkuu Julia Gillard na mpinzani wake Tony Abbott ulisogezwa mapema jioni ili usigongane na fainali yake.

Mkondo haukutoka upande mmoja tu, kwani Japani ilikuwa na shindano lake la wapishi kwenye Fuji TV kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, lililojulikana kwingineko kama Iron Chef, na kelele zake za uwanjani zimesikika katika mashindano mengi yaliyofuata.

Je, tunayoyaona ni ya kweli?

Kazi huwa ya kweli kwa kiasi kikubwa. Muda ndio usio wa kweli. Chakula kinachookwa kwa saa mbili hakiwezi kusubiriwa, kwa hiyo hutayarishwa nakala kadhaa za chakula kilekile katika hatua mbalimbali, mpishi akaingiza sufuria moja kwenye tanuri na kutoa nyingine. Hakuna udanganyifu hapo mradi mtazamaji ameambiwa. Katika ukarabati hali ni nzito zaidi, kwa sababu kipindi humwonyesha mbunifu mmoja mwenye tabasamu na kuwaficha mafundi kumi waliofanya kazi usiku, na mtazamaji anayejaribu kazi hiyo nyumbani mwisho wa juma hujiona mzembe bure.

Kuna pia mambo yanayopangwa upya. Mwaka 2012 mshiriki wa kipindi cha HGTV cha kutafuta nyumba, House Hunters, alieleza hadharani kwamba nyumba aliyoonekana akiichagua alikuwa ameshaipata kabla ya kamera kufika, na zile nyingine alizodaiwa kuzifikiria hazikuwa hata sokoni. Watazamaji wengi walishtuka, ingawa kipindi kiliendelea kupendwa kama kawaida. Nadhani sababu ni kwamba hawakukifuata ili wajue nani amenunua nini. Walitaka kuingia ndani ya nyumba za watu na kubishana kuhusu jiko.

Nani hulipia vipindi hivi?

Katika vituo vya kibiashara, matangazo na wadhamini, na aina hii ya kipindi humfaa mtangazaji wa biashara kuliko nyingine yoyote, kwa sababu mtu anayetazama jinsi ya kupaka rangi tayari anafikiria rangi. Kampuni haihitaji kumvuta kutoka kwenye wazo jingine. Tatizo huanza pale tangazo linapoingia ndani ya kipindi chenyewe, kikaango kikashikwa kwa namna inayoonyesha jina lake, au mbunifu akasifu sofa ambayo kampuni imelipia.

Sheria hutofautiana. Marekani iliimarisha mwaka 1960 wajibu wa kutangaza malipo yaliyotolewa ili kitu kitajwe hewani, baada ya kashfa za hongo katika redio na udanganyifu katika michezo ya maswali ya televisheni. Uingereza ilikataza kabisa kuweka bidhaa kwa malipo katika vipindi vyake hadi tarehe 28 Februari 2011, iliporuhusu kwa masharti: herufi P lazima ionekane kipindi kinapoanza, kinapokwisha na kinaporudi baada ya matangazo, na bidhaa kama tumbaku, pombe, kamari na vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi haziruhusiwi. BBC, inayoendeshwa kwa ada ya leseni, haikubali malipo ya namna hiyo, na ukali wake ulimgusa hata Percy Thrower, mtangazaji mashuhuri wa bustani, ambaye katikati ya miaka ya 1970 alipoteza nafasi yake kwenye Gardeners' World baada ya kukubali kutangaza bidhaa za kampuni ya ICI.

Je, kweli vinabadilisha tabia za watu?

Vinabadilisha manunuzi haraka, na mazoea polepole. Mpishi Delia Smith alikuwa na uwezo wa kumaliza bidhaa madukani kwa kuitaja jioni moja tu, hadi kamusi ya Collins ikaliingiza jina lake mwaka 2001. Mwaka 2019, baada ya Netflix kuanza tarehe 1 Januari kurusha vipindi vinane vya Marie Kondo kuhusu kupunguza na kupanga vitu nyumbani, maduka ya hisani katika miji kadhaa yaliripoti kupokea nguo na vyombo vingi kuliko kawaida.

Wakati mwingine mabadiliko hufika serikalini. Mwaka 2005 mpishi Jamie Oliver aliingia katika jiko la shule na kuonyesha, kwa mfululizo wa vipindi kwenye Channel 4, chakula ambacho watoto wa Uingereza walikuwa wakipewa mchana na fedha kidogo zilizotengwa kwa kila sahani. Zaidi ya watu 270,000 walitia saini ombi lililopelekwa kwa Waziri Mkuu, serikali ikaahidi pauni milioni 280, na viwango vipya vya lishe vikaanza kutumika katika shule za England mwaka uliofuata. Kipindi kile kilifaulu kwa sababu hakikuwalaumu watoto wala wazazi peke yao. Kilionyesha mikono ya wapishi wa shule, ratiba yao, tanuri zao na bajeti yao, na mtazamaji akaona wazi kwamba nia njema bila fedha isingetosha.

Kinyume chake ni vipindi vinavyouchukulia mwili kama chumba cha kupakwa rangi. The Biggest Loser ilianza NBC mwaka 2004, washiriki wakishindana kupunguza uzito kwa mazoezi makali na chakula kidogo. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Kevin Hall, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia washiriki 14 miaka sita baada ya shindano: 13 walikuwa wamerudisha sehemu ya uzito au wote, na miili yao ilikuwa bado inatumia nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao, kwa wastani wa kalori 500 hivi kwa siku. Maana yake ni kwamba mtu aliyeonekana kushindwa baada ya kamera kuondoka alikuwa akipambana na mwili unaojihami, na mamilioni waliomtazama walikuwa wameshafundishwa kumwita mvivu. Hilo ni kosa zito ambalo aina hii ya televisheni imelitenda, na watayarishaji wa vipindi vya afya wanapaswa kuujua utafiti huo kabla hawajawasha taa.

Washiriki hubaki na nini baada ya kipindi?

Inategemea walichopewa. Anayefundishwa ufundi huondoka nao. Anayepewa kitu huondoka na kitu pamoja na gharama zake. Katika Extreme Makeover: Home Edition, iliyoanza mwaka 2003, familia zenye shida zilijengewa nyumba kubwa kwa siku chache, na baadhi yake baadaye zilielemewa na kodi ya majengo na bili za umeme na maji za nyumba hizo, nyingine zikalazimika kuuza au zikazipoteza kwa wakopeshaji. Kipindi kilikuwa kimemaliza hadithi yake mlangoni, siku familia ilipoingia.

Ni vipindi vya wanawake?

Hapana. Saa za mchana zililenga wanawake waliokuwa nyumbani, na mazoea hayo yaliacha alama, lakini Middleton, Boulestin, Beard na Bucknell wote walikuwa wanaume, na vipindi vya jioni vya leo hutengenezwa kwa ajili ya nyumba nzima kuketi pamoja. Fainali ya mwaka 2016 ya shindano la waokaji The Great British Bake Off, ya mwisho kabla ya kipindi hicho kuhamia Channel 4, ilitazamwa na watu karibu milioni 14.

Je, simu na mitandao ya kijamii vimeviua?

Vimeviondolea jambo moja na kuvirudishia jingine. Mwaka 2015 BuzzFeed ilianza kusambaza video fupi za mapishi kwa jina la Tasty, kamera ikiwa juu ya meza ikitazama chini, na katika video hizo mpishi hana uso kabisa. Kuna mikono miwili, bakuli, na unga unaobadilika kuwa kitu kingine kwa dakika moja. Kwa mtu aliyefuatilia safari ya kamera kutoka mkononi kwenda usoni, huo ulikuwa mrejeo wa kushangaza, ingawa mwendo wake ni wa kasi mno kwa anayetaka kujifunza. Upande wa pili wapo mafundi, wakulima na wapishi wanaorekodi kazi nzima kwa saa moja bila muziki, na mtazamaji anaweza kusimamisha, kurudisha nyuma na kuangalia tena namna kidole kinavyokunja ukingo wa unga.

Televisheni nayo ilihamia mtandaoni. Netflix ilipofungua huduma yake katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, Januari 2016, kipindi cha kupanga nyumba hakikuhitaji tena kununuliwa na kituo cha kila nchi, na Queer Eye, kipindi cha kuwabadilisha watu mavazi na mwonekano kilichokuwa kimeanza kwenye chaneli ya Marekani ya Bravo mwaka 2003, kikafufuliwa mwaka 2018 kwa watazamaji wa karibu dunia nzima kwa mara moja.

Nitajuaje kama kipindi ninachokitazama kinafundisha?

Jaribu hivi. Kipindi kinapokwisha, zima televisheni na umweleze mtu aliyekuwa chumba kingine jinsi ya kufanya kazi uliyoiona, kwa mpangilio, ukitaja vifaa na vipimo. Ukiweza kufika hata nusu ya njia, waliokitengeneza waliiacha kamera ikae kwenye mikono kwa muda wa kutosha. Ukijikuta unasimulia nani alilia na nani alikasirika, umeburudika, na burudani ni haki yako baada ya siku ndefu. Kitafute kipindi kingine kabla hujanunua rangi.